Supu ya mboga imekukatalia? Kagua hapa kwanza

Kuanzia Juni mpaka Agosti, Arusha inapofunikwa na mawingu na Moshi inapokaa siku kadhaa bila kuuona mlima, kila nyumba inataka kitu cha moto mezani. Wenye nyama wana mtori na supu yao ya mbuzi. Wengine tunabandika ya mboga, na hiyo ndiyo inayoleta malalamiko mengi, kwa sababu haina mfupa wa kumfichia mpishi makosa yake. Kongoro likitokota nusu siku linajitengenezea utamu na uzito lenyewe. Karoti haina huruma hiyo.

Hapa chini nimepanga kwa dalili: tafuta ile inayofanana na yako, usome sababu, kisha urekebishe. Nitangulize jambo moja tu. Kasoro nyingi unazozionja mwishoni zilizaliwa mwanzoni, kabla maji hayajaingia sufuriani, au zilitokana na mboga ipi ilitangulia na ipi ikafuata. Ndiyo maana pakiti ya viungo inayomiminwa dakika ya mwisho huongeza chumvi na rangi, halafu tatizo linabaki palepale.

Ili tuzungumze lugha moja, kipimo ninachokitumia kwa watu watano au sita ni hiki: vitunguu maji viwili vikubwa, karoti tatu, viazi vitatu, nyanya tatu, hoho moja, kikombe cha njegere, robo ya kabichi ndogo au fungu la majani ya kijani, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, na maji lita moja na nusu. Kitunguu saumu, tangawizi na giligilani ni kwa mapenzi yako.

Inanukia vizuri, lakini mdomoni ni maji tu

Hii ndiyo dalili kuu, na nitakaa hapa kidogo. Shangazi yangu wa Kibosho akipewa supu ya namna hii huweka kijiko chini na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, kuna mgonjwa humu ndani?"

Sababu ya kwanza ni kitunguu kutokaangwa. Wengi hukitia kwenye mafuta, kikilainika kidogo na kuwa cheupe cha kung'aa wanamwaga maji. Hapo supu imeshapoteza nafasi yake. Ile rangi ya kahawia na utamu wa kitunguu kilichoiva vizuri hutokea kwenye joto kubwa, karibu nyuzi 140. Maji hayafiki huko hata uchochee vipi. Kwa hiyo kazi yote ya kukaanga iishe kabla ya maji, maana baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Sikiliza sufuria. Kitunguu kikiwa bado na maji kinatoa sauti ya kuchemka, nzito na yenye mvuke. Maji yakiisha sauti inageuka, inakuwa kali na kavu, na pembeni mwa vipande unaanza kuona dhahabu. Tia chumvi kidogo mapema, itavuta maji yatoke haraka. Vitunguu vya Mang'ola vilivyokaushwa vizuri, ganda likikatika kama karatasi, vinafika hapo upesi. Vile vibichi vyenye ngozi laini vina maji mengi. Vipe dakika kumi na tano bila kukasirika. Chini ya sufuria kukishika utando wa kahawia, mimina maji nusu kikombe na uukwangue kwa mwiko. Ule utando ni ladha, usiuache uoshwe na steliwaya baadaye.

Baada ya kitunguu, tia karoti na hoho zikaangwe pamoja nacho dakika tano, halafu kitunguu saumu na tangawizi kwa dakika moja tu. Hapo ndipo wapishi wetu wanaposema mboga imeungwa.

Sababu ya pili ni maji kuzidi. Mtu ana mboga za bakuli nne, wageni wameongezeka, anaongeza maji badala ya mboga. Ikishatokea, acha supu itokote bila mfuniko mpaka ipungue, au toa mboga chache, ziponde, uzirudishe.

Sababu ya tatu ni mafuta kuwa machache mno. Mboga hazina mafuta ya kwake, na harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Hata ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta kidogo. Kijiko cha samli au siagi mwishoni kinabadilisha kabisa supu iliyokuwa inaonekana imekufa.

Ya nne ni chumvi na uchachu. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwa kila lita ni mwanzo mzuri. Ukishatia na bado unahisi kuna kitu kimepungua, usikimbilie chumvi tena. Chota supu kidogo kwenye kikombe, kamulia matone ya ndimu, onja. Mara nyingi kilichokuwa kinakosekana ni hicho.

Kuna la tano, ambalo watu hawalifikirii: maji yenyewe. Ukichemsha maganda ya karoti yaliyooshwa, mashina ya giligilani, majani ya nje ya kitunguu maji na vikonyo vya uyoga kwa nusu saa, kisha ukachuja, una maji yenye mwili. Kabichi na maganda ya viazi usitie humo, kabichi inaleta harufu nzito na maganda yanaleta udongo. Nyanya ya kopo, kijiko kimoja, ikaangwe kwenye mafuta mpaka wekundu wake uelekee kahawia. Nyanya na uyoga ndizo mboga zinazokaribia utamu wa nyama.

Viazi vinagoma kuiva, maharage ndiyo kabisa

Mtu aliyehamia kutoka Dar au Tanga huwa wa kwanza kulalamikia hili, akidhani ameuziwa mali mbovu. Sababu mojawapo ni mwinuko. Jiji la Arusha liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini iko chini zaidi, maji yanafika kama nyuzi 97, lakini ukipanda Marangu au Kibosho unarudi kwenye hali ya Arusha. Kuongeza mkaa hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi joto, yanaisha tu haraka. Kinachosaidia ni muda, mfuniko, na kukata vipande vidogo vinavyolingana. Presha kuka inatatua jambo hili moja kwa moja kwa sababu mgandamizo wa ndani unapandisha joto la maji kupita nyuzi 100.

Ila kama wenzako wa mtaa huohuo viazi vyao vinaiva na vyako havijaiva, mwinuko usiusingizie. Angalia nyanya uliitia lini. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju hukaza ngozi na nyama ya mboga, hivyo viazi vinabaki na kiini kigumu na maharage yanakaa saa nzima yakilia kama kokoto. Hizo nyanya tatu zisubiri. Viazi na maharage vilainike kwanza, nyanya zifuate. Kama ulishazitia, huna la kufanya isipokuwa kuongeza muda na maji ya moto kidogo kidogo.

Maharage yaliyokaa ghalani misimu miwili huwa magumu hata ukifanya kila kitu sawasawa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe peke yake kwenye sufuria nyingine, uyaingize kwenye supu yakiwa yameiva. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayosumbua tumbo, na inaondoka kwa kuchemka kwelikweli. Dakika 10 za kutokota kwa nguvu ndicho kiwango cha chini. Kwa mwinuko wetu mimi naacha nusu saa, kisha ndiyo napunguza moto. Anayeyaweka maharage mabichi kwenye jiko la kapu, lile la kutunza joto bila moto, au juu ya majivu ya uvuguvugu tangu mwanzo anajitafutia usiku mrefu chooni.

Na magadi? Yanalainisha, ni kweli. Yakizidi yanaacha ladha ya sabuni, yanageuza majani kuwa uji na kuharibu vitamini B1. Kwa upande wetu kuna jambo jingine zito: maji na magadi ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ile inayowapa watoto meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke floraidi inabaki, kwa hiyo supu iliyotokota muda mrefu inakuwa nayo zaidi kwa kila kikombe. Kama maji ya kisima chenu yanajulikana kwa tatizo hilo, tumia ya mvua yaliyokingwa kwa usafi au yaliyochujwa kwa chujio la mkaa wa mifupa, na magadi uyaache.

Mboga zimerojeka, kijani kimekufa

Kila kitu kiliingia pamoja. Njegere, kabichi, spinachi na karoti haviivi kwa muda mmoja, na sufuria haiwezi kukupangia foleni. Karoti na viazi vinataka dakika ishirini hadi thelathini, njegere mbichi kumi hivi, kabichi iliyokatwa nyembamba tano, na majani laini dakika mbili au tatu.

Kijani kinapotea kwa joto la muda mrefu na kwa uchachu. Kwa hiyo majani yaingie mwisho, mfuniko ukiwa wazi, na ndimu ikamuliwe kwenye bakuli, si kwenye sufuria. Kama nyumba yenu inapenda mnavu, na nyumba ya Kichaga isiyoupenda sijaiona, uchemshe pembeni kwanza, umwage maji, kisha uuingize. La sivyo supu nzima itachukua uchungu wake.

Harufu nzito ya kabichi inayojaa mpaka chumbani ni dalili hiyohiyo: imepikwa mno. Haiondoki. Fungua dirisha, vumilia baridi.

Nyepesi mno, au nzito mpaka upawa unasimama

Kwa baridi hii watu wanataka supu yenye uzito, na njia ya kuipata tunayo tangu zamani. Anayejua mtori anajua tayari: ndizi mshare zinachemshwa na kupondwa mpaka zinakuwa laini. Kwa supu ya mboga, ndizi mbili zinatosha. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, utomvu wake hauoshwi kirahisi, na vipande uviweke kwenye maji visiwe vyeusi. Ziponde kwa mwiko au mchapo, uzirudishe sufuriani. Asiye na mshare atumie boga au kiazi kilekile kilichomo ndani, akipondee ukingoni mwa sufuria.

Unga mkavu usiutupe kwenye supu inayochemka, utapata madonge ambayo hayavunjiki. Ukoroge kwanza na maji ya baridi, au uukaange na kitunguu mwanzoni.

Wenye blenda wana shida yao: supu ya viazi inatoka inanata na kuvutika. Visu vya blenda vinapasua viazi na kumwaga wanga wake wote, na ukishamwagika haurudi. Viazi uviponde kwa mkono, blenda iachie boga na karoti. Jagi lisipite nusu, na kifuniko kishikiliwe kwa kitambaa huku ukiacha tundu la mvuke; supu ya moto ikijaa huku kifuniko kimebanwa, inaruka hadi darini.

Ikiwa nzito mno, ongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi, halafu onja chumvi upya. Na ujue supu ya viazi au ndizi itaendelea kukaza inapopoa, kwa hiyo iepue ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka.

Chumvi imezidi

Kuna imani kwamba ukitia kiazi kizima kitanyonya chumvi. Kiazi hakichagui, kinanyonya maji yenye chumvi ileile, na kilichobaki sufuriani kinabaki na ukali uleule. Dawa ni kuongeza ujazo: maji ya moto, viazi na karoti vilivyochemshwa pembeni bila chumvi. Ndimu kidogo inapunguza makali ulimini. Chanzo chake mara nyingi ni mtu kutia chumvi ya kawaida, kisha kiungo cha mchuzi cha pakiti, akasahau kwamba hicho nacho kina chumvi nyingi.

Maziwa au tui limekatika

Ukiona punje nyeupe zinaelea, maziwa yamekutana na nyanya kwenye moto mkali. Protini ya maziwa hushikamana ikipata uchachu na joto kwa pamoja. Supu inalika, haina sumu, ila sura imeharibika. Ukiisaga itafichika kidogo.

Siku nyingine punguza nyanya, epua sufuria, chota upawa mmoja wa supu uuchanganye taratibu kwenye maziwa, kisha mimina yote ndani na usichemshe tena. Maziwa mabichi yanayoletwa na pikipiki asubuhi yachemshwe kwanza peke yake, kwa usalama wenu. Mtindi ndio wa kutia bakulini kabisa, kijiko juu ya supu, kila mtu akoroge mwenyewe.

Ina uchungu

Mara nyingi ni kitunguu saumu kilichoungua. Kinaungua upesi sana kuliko kitunguu maji, na kikishakuwa cheusi hakuna sukari itakayokiokoa. Mwaga mafuta hayo uanze upya, ni hasara ndogo. Bizari na binzari nyembamba vilivyokaangwa mno vinafanya hivyohivyo.

Lakini uchungu ukitoka kwenye boga, mung'unye au tango, usijaribu kuufunika. Onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika, na kikiwa kichungu kiteme. Jamii hiyo ya mboga wakati mwingine hutengeneza sumu chungu inayoleta kutapika na kuhara, na moto hauiondoi. Boga hilo litupe, hata kama ulilinunua bei.

Imeshika chini

Usikoroge! Ukikwangua umesambaza harufu ya moshi kwenye supu nzima. Ihamishie kwenye sufuria nyingine taratibu, uache kilichoganda chini, kisha uonje. Kama moshi umeingia kidogo, nyanya iliyokaangwa na tangawizi vinaweza kuuficha; kama umeingia sana, haifichiki.

Sufuria nyembamba juu ya mkaa ndiyo mkosaji wa kila siku, hasa supu ikishakuwa nzito. Kwenye jiko la mkaa moto unapunguzwa kwa kufunga kidirisha cha chini, kutoa makaa mawili matatu na kuyatandazia yaliyobaki majivu. Nzito iongezwe mwishoni, yaani ndizi, boga au unga uliokorogwa na maji viingie wakati mboga zimekwisha kuiva.

Inapoa kabla hujamaliza bakuli

Bakuli la bati au la kauri lililotoka kwenye kabati la Julai linanyonya joto mara moja. Limiminie maji ya moto dakika mbili, yamwage, ndipo upakue. Supu nzito na yenye mafuta juu inakaa na joto kuliko nyepesi. Tangawizi na pilipili manga hazipandishi joto la supu, ila koo linadhani hivyo, na usiku wa baridi hilo linatosha.

Asubuhi imechacha

"Lakini kulikuwa na baridi!" Baridi ya mtaa wa Sakina, Arusha, usiku, hata ikishuka chini ya nyuzi 15, haitoshi kuwa friji. Tena sufuria kubwa iliyofunikwa inabaki ya uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoupenda, kati ya nyuzi 5 na 60. Wengine huacha mbegu zinazostahimili kuchemka, kwa hiyo kupasha asubuhi si kinga kwa supu iliyolala mezani.

Ikisalia, igawe kwenye vyombo vifupi, viweke ndani ya beseni la maji ya baridi, koroga mara mojamoja, na ndani ya saa mbili iwe imeingia friji. Humo inakaa siku tatu. Unapopasha, ichemke kabisa, si kuvukiza tu, na upashe kiasi mtakachokula. Povu dogo juu, ute unaovutika au harufu ya uchachu ambayo hukuitia, mwaga bila kuonja.

Wasio na friji wapike cha kuisha usiku huohuo. Na mwenye friza asigandishe supu yenye vipande vya viazi, vitatoka vimelegea na kujaa maji. Agandishe ya boga au karoti iliyosagwa, viazi avichemshe siku ya kula.